Chumvi ya mwisho wa msimu inachuruzika maji na ina uchungu: nimekosea wapi?

MamaMajaruba, Lindi

Habari zenu. Naomba msaada wa mtu anayeijua kemia kwelikweli, maana hasara niliyo nayo inanikosesha usingizi.

Nina majaruba manane ya chumvi niliyoachiwa na marehemu baba. Maji ya bahari tunayaingiza wakati wa bamvua, yanakaa bwawa la kwanza, yanahamia la pili, yakishakuwa makali ndipo tunayafungulia majaruba ya kuvunia. Mwaka huu kusi lilivuma vizuri na jua halikutunyima kitu. Chumvi ya Julai na Agosti ilikuwa nyeupe, punje ngumu, ukiishika inakwaruza kiganja. Yote ilinunuliwa. Lakini niliyovuna kuanzia katikati ya Oktoba, viroba 40 vya kilo 50, imenitia aibu. Imepangwa ghalani juu ya mbao, paa halivuji, mvua bado, na viroba vinachuruzika mpaka sakafu imelowa. Ukionja, kwanza unapata chumvi, halafu ulimi unabaki na uchungu kama umetafuna jani la mwarobaini. Mnunuzi alichovya kidole, akaonja, akatema, akaondoka.

Sikuwa mzembe. Msimu mzima sikumwaga hata ndoo moja. Kila nilipokomba chumvi, maji yaliyobaki niliyaacha palepale nikaongezea mapya juu yake. Niliona yale ya zamani yameshakuwa makali, kuyamwaga ni kutupa jasho langu. Sasa yana unjano kidogo, na yanateleza vidoleni kama yametiwa mafuta.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Ananiambia, "Mama, chumvi ni sodiamu na klorini, haiwezi kuwa ya aina mbili." Nimeliona daftari lake, limeandikwa hivyo hivyo. Sasa aliyekosea ni nani, mimi au daftari?

KijanaWaKusini

Pole sana mama. Hiyo itakuwa na uchafu tu. Ioshe kwa maji ya bomba, ianike upya, itarudi kuwa nyeupe.

MwalimuMstaafu

Mama, nakuomba usiioshe kwa maji ya bomba. Maji matamu yana njaa ya chumvi. Lita moja inaweza kumeza kama gramu 360 ndipo ishibe. Ndoo moja ya lita 20 itaondoka na chumvi yako karibu kilo 7. Kijana amekusudia mema, lakini utaosha viroba 40 na kubaki na 30.

Nimefundisha kemia ya sekondari miaka 31, na nimekulia karibu na mashamba ya chumvi, kwa hiyo swali lako limenigusa pande zote mbili. Daftari la binti halijakosea. Sodiamu kloraidi ni kampaundi, na popote ilipo ni ileile: uwiano wake haubadiliki. Ila wewe huvuni kampaundi peke yake. Unavuna kutoka baharini, na maji ya bahari ni mchanganyiko. Katika kila lita 1000 mna takriban kilo 35 za vitu vilivyoyeyuka. Kati ya hizo, sodiamu kloraidi, yaani chumvi ya jikoni, ni kama kilo 27. Zinazobaki ni chumvi nyingine: za magnesiamu, za kalisiamu, na potasiamu kidogo. Kwa mkemia zote hizo ni chumvi, na hapo ndipo lugha ya darasani na lugha ya sokoni zinapoachana.

Sasa fuata safari ya maji yako. Jua linachukua maji peke yake, vilivyoyeyuka vinabaki na kusongamana. Kila kimoja kina kiwango chake cha kushiba, na kikifika hapo kinajitenga na maji na kuwa yabisi. Wa kwanza kushuka ni unga wa chokaa, maji yakipungua kufikia kama nusu. Baadaye, ikibaki kama robo, inashuka jasi. Bila shaka umeshaiona, ule ukoko mgumu unaokata miguu kwenye bwawa la pili. Chumvi ya jikoni haianzi mpaka lita 1000 zibaki kama 100. Ndiyo maana wazee walitenganisha mabwawa, ili chokaa na jasi vibaki nyuma na jaruba la mwisho lipate fuwele safi.

Magnesiamu ndiyo ya mwisho kabisa. Inayeyuka kwa wingi mno, kwa hiyo chumvi ya jikoni inaposhuka, yenyewe bado inaelea majini. Kila ulipokomba chumvi uliiondoa sodiamu na kuiacha magnesiamu. Ukaongeza maji mapya, nayo yakaja na magnesiamu yao. Kuanzia Juni mpaka Oktoba umekuwa ukiilimbikiza. Utelezi ule, unjano ule na uchungu ule ndio huo, na wenzetu wa mashamba makubwa wanayaita maji machungu. Huyamwaga kwa makusudi.

Na kuchuruzika kunatoka hukohuko. Chumvi safi haianzi kuvuta maji ya hewani mpaka unyevu wa hewa ufike kama asilimia 75. Magnesiamu kloraidi inaanza kwenye asilimia 33 tu, na pwani yetu hewa haishuki hapo usiku wala mchana. Punje zako zimepakwa utando wa maji machungu, na utando huo unakunywa hewa ya ghala lako. Mnunuzi naye ana sababu nyingine ya kuikataa: chumvi ikiwa mbichi hivyo, madini joto yanayotiwa kiwandani huchuruzika pamoja na maji.

MvunajiPemba

Assalaam aleikum. Mwalimu, sisi huku tunapima kwa yai. Likielea, maji tayari. Haimtoshi dada huyu?

MwalimuMstaafu

Waaleikum salaam. Yai ni kipimo kizuri cha kujua maji yameanza kuwa makali, lakini lina upeo. Yai bichi jipya linaelea lita moja ya maji ikifika uzito wa kama kilo 1.1. Chumvi inaanza kushuka kwenye kilo 1.21, na maji yanafaa kumwagwa kwenye 1.25. Katika vyote viwili yai linaelea vilevile, halikuonyeshi tofauti.

Ukipata kipimo cha Baumé, tumia. Ni mrija wa kioo unaoelea, ulioitwa kwa jina la Mfaransa Antoine Baumé aliyeubuni mwaka 1768. Aliweka sifuri kwenye maji matupu, na 15 kwenye maji yenye asilimia 15 ya chumvi. Maji ya bahari yanasoma kama 3.5, chumvi inaanza 25 na kitu, ukiona 29 mwaga.

Kama huna, Mama, chukua dumu la lita 5 na mizani ya dukani. Pima dumu tupu kwanza, uzito wake uutoe. Lijaze mpaka mstari uleule kila mara. Maji ya bahari yatakupa kilo 5.1 hivi, maji yanayoanza kutoa chumvi kama kilo 6.1, na yakifika kilo 6.25 acha kuvuna, fungua mlango wa jaruba, yatoke yote.

MamaMajaruba, Lindi

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea binti kwa sauti. Leo asubuhi tumepima pamoja: dumu la lita 5 limetoa kilo 6.4 bila uzito wa dumu. Kumbe nimevuka muda mrefu.

Sasa hizi kilo 2000 ghalani nifanyeje? Jirani ananiambia niichemshe, ikipoa chumvi safi itajitenga yenyewe kama sukari guru.

WaUvinza

Mama, huku Uvinza chumvi imechemshwa zaidi ya miaka elfu moja, kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Lakini moto ule ni wa kufukuza maji. Hakuna anayengoja sufuria ipoe. Na kuni ni gharama.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Aliyekujibu kutoka Uvinza yuko sahihi. Sukari inatii joto: gramu 100 za maji baridi zinayeyusha kama gramu 200, yanayochemka karibu 490, kwa hiyo ikipoa inamwaga nyingi. Chumvi haijali. Maji ya kawaida yanabeba gramu 36, yanayochemka 39. Ukipoza unapata gramu 3 za kukufariji na kuni zimeisha.

Fanya hivi. Chota maji safi ya bwawa yaliyofika kilo 6.1, kabla hayajachanganyika na ya zamani. Hayo yameshashiba sodiamu kloraidi. Ukiimwagia chumvi yako, hayawezi kuila, lakini kwa magnesiamu bado yana nafasi kubwa. Yatausomba utando na kuziacha punje. Mimina juu ya rundo lililo kwenye mteremko, acha yachuje usiku mzima, rudia mara ya pili. Anza na viroba viwili tu, uone.

MamaMajaruba, Lindi (siku kumi na moja baadaye)

Nimerudi. Nilichukua viroba viwili, nikaviosha mara mbili kwa maji ya bwawa, nikaanika juu ya turubai siku tatu. Kimoja nimekiweka jikoni kando ya kiroba ambacho hakikuoshwa, vyote juu ya gazeti. Asubuhi ya tano gazeti la kile cha zamani limeloa na kuchanika, la kilichooshwa ni kavu, isipokuwa ncha moja. Uchungu umebaki kwa mbali sana. Kilo 100 zimerudi kama 91 baada ya kukauka, na binti anasema sehemu ya upungufu huo ni maji yaliyokuwa ndani tangu mwanzo. Ameandika yote kwenye daftari, chini ya ile mistari yake ya sodiamu na klorini.

Majaruba saba nimeyafungua, moja limebaki limejaa. Maji machungu niyapeleke wapi? Nyuma kuna mikoko na sitaki kuiua.

MwalimuMstaafu

Usiyaelekeze kwenye mikoko wala shambani, yatachoma mizizi. Ngoja maji ya bahari yajae, uyaachie kidogokidogo kwenye mkondo wenye nguvu, siku kadhaa, si kwa mara moja. Na madumu machache yaweke. Nyunyizia njia ya vumbi inayoelekea ghalani: ile tabia ya kuvuta unyevu iliyokuharibia chumvi itashika vumbi lisiruke magari yakipita.