Kumsomesha mtoto nyumbani hapa Mombasa: mtaala wa kununua, vitabu vya KICD, au kuchanganya?

Mama Salma, Kisauni

Assalaam alaykum wanajukwaa. Binti yetu ametimiza miaka 6, na mimi na mume wangu tumeafikiana kumsomesha nyumbani angalau mpaka amalize Gredi ya 3. Asubuhi huwa niko naye, adhuhuri ninashughulikia hesabu za wateja wangu kwa kompyuta, na baada ya alasiri yeye huenda chuoni kusoma Kurani. Tumepima njia tatu: kununua mtaala kamili kutoka nje, kufuata muhtasari wa KICD, taasisi ya serikali ya kutunga mitaala, na vitabu vyake vilivyoidhinishwa kana kwamba yuko darasani, au kuchanganya, yaani kuchukua kila kinachomfaa popote kilipo na kubadilisha kadiri anavyokua. Moyo wangu umeegemea njia ya tatu, lakini ninachelea uhuru huo usije ukageuka ulegevu, akafika miaka 9 akiwa anajua mengi ya kupendeza na hajui kugawanya. Waliokwisha kuipitia naomba wanieleze.

Baba Wawili, Mikindani

Waalaykum salaam, Mama Salma. Sisi ni Wakristo na kwa kifungua mimba wetu tulitumia ACE, mtaala ulioanzia Texas mwaka 1970, ambao mtoto hujaza vijitabu kimoja baada ya kingine, hujisahihisha kwa ufunguo wa majibu, kisha hufanya mtihani kabla ya kuendelea. Kwa mzazi anayerudi kazini amechoka, utaratibu huo ni msaada mkubwa, kwa kuwa hahitaji kubuni somo la kesho. Ila umejengwa juu ya mafundisho ya Kikristo, kwa hiyo nyinyi hautawafaa. Hata kwetu, Kiswahili tulilazimika kukitafutia vitabu vingine, na mifano mingi ilikuwa ya maisha ya Marekani. Mtoto wa pili, ambaye hawezi kutulia kitini, tulimwondoa humo mapema. Kwa umri wa miaka 6 mimi nisingeanza na vijitabu vya kujaza.

Mama Pendo, Changamwe

Mimi ninapendelea KICD peke yake, na nitasema sababu. Wazazi wengi ninaowafahamu walioanza kuchanganya waliishia kununua vitu vingi: kadi za herufi, programu za simu, vitabu vya hadithi vya bei kali, na kila miezi michache wanaanza upya. Vitabu vya Gredi ya 1 vinapatikana mjini kwa bei ya kawaida, vinafuatana, na ikitokea tukahamia mahali pengine au pato likapungua, mtoto anaingia shule yoyote bila kuonekana mgeni. Nina watoto watatu nyumbani, na bila ratiba moja nisingeweza.

Mwalimu Mstaafu, Mji wa Kale

Mama Salma, mwanangu, hofu yako ina msingi, na hoja ya Mama Pendo ni ya kuzingatiwa. Hata hivyo, kuchanganya si jambo geni Mombasa. Katika miaka ya 1980 Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha hapa hapa mpango wa shule za awali za madrasa, wakaunganisha mafunzo ya dini na malezi ya kielimu ya watoto wadogo, na vifaa vingi vikatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Kilichowawezesha ni kwamba walijua watoto wanatakiwa wafike wapi, ndipo wakawa huru kuchagua njia.

Basi fanya hivi: kusoma, kuandika na hesabu visiguswe, viwe kila siku, asubuhi, kwa mfuatano wa KICD. Mengine yote yalegeze. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alishikilia masomo mafupi kwa watoto wadogo, na uzoefu wangu wa darasani unaafiki: dakika 15 au 20 za usikivu kamili zinashinda saa nzima ya kusukumana. Alimtaka pia mtoto asimulie kwa maneno yake alichosomewa, zoezi lisilogharimu hata senti na linalokuonyesha papo hapo kama ameelewa.

Kwa kusoma, mwanzishe na Kiswahili, ba be bi bo bu, kwa sababu herufi zetu hutamkwa vilevile kila mahali. Akishajiamini, Kiingereza kitamjia kwa urahisi zaidi. Maria Montessori alitumia herufi za msasa ambazo mtoto huzipitisha kidole akitamka sauti yake. Nunua karatasi ya msasa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, zikate, uzibandike kwenye kadibodi.

Hesabu ipeleke jikoni. Mpe kibaba na mchele, ajionee mwenyewe kuwa vibaba viwili hujaza kisaga na visaga viwili hujaza pishi. Muulize pishi tatu ni vibaba vingapi, umwache amimine mpaka apate 12, halafu ndipo aandike daftarini. Mtoto aliyemimina hivyo haoni ajabu mbele ya kugawanya, kwa kuwa amekwisha kugawanya kwa mikono. Na bahari tunayo bure. Nendeni ufukweni Mama Ngina maji yakijaa na yakitoka, achore alama yalipofika, aendelee hivyo mwezi mzima huku akitazama mwezi angani. Atagundua kuwa bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja katikati yake. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa huweza kuzidi mita 3, kwa hiyo hata mtoto mdogo huiona wazi. Hapo amesoma sayansi, hesabu na lugha kwa pamoja.

Mzazi wa Tudor

Niongeze la sheria, maana huachwa pembeni. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Zungumzeni na wakili na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu mapema. Kumbukeni pia kuwa Gredi ya 6 kuna tathmini ya KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, na usajili wake hupitia shuleni. Wekeni faili yenye kazi za mtoto na tarehe zake tangu leo.

Mama Pendo, Changamwe

Mwalimu, kwa namna hiyo ya vibaba na msasa sina pingamizi, kwa kuwa gharama ni ndogo na mfuatano umebaki. Ninachosisitiza ni watoto wenzake. Dada yangu, Salma asiwe na mama tu kutwa nzima.

Mama Salma, Kisauni

Shukrani nyingi, na shikamoo Mwalimu. Wenzake anao chuoni, na Jumamosi atakuwa na binamu zake. Tumeamua vitabu vya KICD viwe vya kusoma, kuandika na hesabu, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, kwa vipindi vifupi. Baada ya hapo ni hadithi, jikoni na pwani. Mume wangu atakwenda ofisi ya elimu Jumatatu. Mwisho wa muhula nitampima kwa maswali ya Gredi ya 1, na akionekana yuko nyuma katika hesabu tutaongeza kipindi cha pili jioni, kabla ya kufikiria kununua chochote.