Kikombe cha Mjerumani kimetoka kidakani kwa bibi, dalali kafika laki na nusu, nimpe?

Mwana wa Mikindani
Wakuu habari za jioni. Bibi yetu ametangulia mwezi wa saba, Mungu amrehemu, sasa juzi tunatoa vitu vyake hapa Mikindani tukakuta kidakani kikombe kirefu cha kaure kama jagi la bia, na bibi alikuwa hakosi swala tano sijui kilimfikaje. Kina mfuniko wa madini ya kijivu laini, pale pa kubonyeza na dole gumba kuna kisimba kimeshika ngao. Kimechorwa wanajeshi na bunduki zao, katikati mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu, mtaa mzima wanasema ndo Kaiser mwenyewe, mfalme mkuu wa Wajerumani. Maandishi ni Zur Erinnerung an meine Dienstzeit, alafu 9. Bayr. Inft. Regt. Würzburg 1903/05, na pembeni majina kibao yamepangwa kama daftari la mahudhurio.

Shida habari zimeshavuja. Kuna dalali wa Dar alikuja kwa ajili ya korosho kakiona anatoa laki na nusu cash. Mwingine anapiga simu usiku usiku anasema kina zebaki ndani ya kitako, nisikiweke juani wala nisikioneshe mtu mpaka aje yeye. Na shangazi ndo ameanza kukisugua na jivu eti king'ae kipande bei. Ni mali kweli au pambo la watalii?

KoroshoGhafi
Zebaki tena 😂😂 Kusini tutaisha na hizi zebaki. Mjomba wangu alichimba nyuma ya nyumba wiki mbili anatafuta rupia za Mjerumani akaishia kupasua shimo la choo la jirani. Huyo wa usiku block, kesho atakwambia utoe hela ya "mtaalamu".

Fundi Saa Lindi
Mkuu kwanza mnyang'anye shangazi hilo jivu sasa hivi, sio kesho. Ile dhahabu ya ukingoni na rangi za wanajeshi zimekaa juu ya ng'aro (ule utando wa kung'aa wa kaure), jivu linazichuna kama msasa na ikishatoka hairudi. Kitambaa laini na maji ya vuguvugu yatosha, mfuniko uache na ukijivu wake, hayo madini ni bati nyeupe na za zamani huwa zinachanganywa risasi kwa hiyo msije mkakifanya cha uji wa watoto.

Sasa hicho kitu kina jina lake, Wajerumani wanakiita Reservistenkrug. Kijana akimaliza jeshi la lazima anajinunulia kikombe cha kumbukumbu, hayo maandishi yako ndo hayo hayo, "kumbukumbu ya utumishi wangu". Jina kubwa ni la mwenyewe, yale madogo ni wenzake wa kombania. Na miaka inakubali, tangu 1893 askari wa miguu alikuwa anatumikia miaka miwili, wapanda farasi mitatu, kwa hiyo 1903 mpaka 1905 ni sawa kabisa, ungeniambia miaka mitano ningekwambia umepigwa.

Ila mtaa wako umekosea mtu. Kaiser Wilhelm II hakuwa na ndevu hizo, yeye alikuwa na masharubu yamesimama kama pembe. Bayr. ni Bavaria, ufalme mmojawapo ndani ya Ujerumani ya wakati ule, na Würzburg iko Bavaria, huyo mzee mwenye ndevu nina uhakika ni Luitpold. Mfalme wao Otto alikuwa mgonjwa wa akili ndo huyu mzee akashika nchi kwa niaba yake tangu 1886 hadi alipofariki 1912. Na kisimba nacho ni simba wa Bavaria sio wa Selous, kingekuwa cha Prussia, ufalme mwingine wa Wajerumani, ungetegemea tai.

Vya bandia ni vingi, baada ya vita vya pili walivitengeneza kwa wingi kuwauzia wanajeshi wa Marekani na watalii. Geuza kitako, ukikuta West Germany jua ni baada ya 1949. Chukua lenzi (njoo dukani ninayo ya saa) uangalie rangi, ya zamani mistari imechapwa ila rangi imejazwa kwa brashi kwa hiyo inavuka mstari hapa na pale, ya bandia ni vidoti vidoti kama picha ya gazeti. Alafu kubwa kuliko yote, fungua mfuniko umulike tochi kwa chini, tazama ndani ya kitako. Ukiona picha utuambie ni ya nini.

Mmwera Halisi
Mnashangilia kikombe cha watu waliotutandika? 1905 hiyo hiyo ndo Majimaji inaanza kule Matumbi, na huku Lindi ndani ndani waliumia vibaya.

Fundi Saa Lindi
Kaka sikupingi. Ila huyu kijana wa Würzburg yawezekana hata bahari hakuiona, jeshi la huku lilikuwa Schutztruppe na askari wake wengi walikuwa Waafrika. Kikombe chaweza kuja na mlowezi wa katani au mmisionari baadaye sana. Wenyewe hata hawakuanzia hapo kuchanganya jeshi na vyombo, 1717 mtawala wa Saksonia, huko huko Ujerumani, alimpa mfalme wa Prussia wapanda farasi 600 akapewa vyombo vya kaure 151, vya Kichina. Farasi wenyewe hawakuwemo, ni watu tu kwa mabakuli.

BintiNdanda
Na mimi nina bilauri nene ina tai na msalaba mweusi umeandikwa 1914, mdomo umemeguka kidogo, fundi wa vioo anasema ataisaga iwe sawa. Nimpelekee?

Fundi Saa Lindi
Usisage dada! Kidonda cha zamani ni bora kuliko mdomo mpya. Tafuta alama ya ujazo karibu na ukingo, kijimstari na 0,5 L au 0,25, bilauri nyingi za baa za kwao zinayo. Msalaba huo wa 1914 uliwekwa kwenye kila kitu vita vilipoanza kwa hiyo sio adimu, ila tunza.

KoroshoGhafi
Mleta mada tochi vipi?

Mwana wa Mikindani
Nimerudi. Umeme ulikatika jana ikawa rahisi. Kitako hakina West Germany, hakina chapa yoyote. Nikamulika kwa chini, wakuu, kaure ikawa kama nta, ikatokea picha nyeupe na kivuli, askari na binti wameshikana mikono wanaagana.

Fundi Saa Lindi
Safi sana. Kuagana ndo picha ya zamani yenyewe, bandia nyingi wanaweka mwanamke uchi. Bila chapa sio tatizo. Mwambie dalali laki na nusu akanunulie maji ya kunywa barabarani, piga picha jina lile kubwa na majina yote, wakusanyaji wa kwao wanatafuta kwa jina na kikosi.

Mwana wa Mikindani
Dalali kapiga tena asubuhi, sasa anasema laki nne. Nikampelekea shangazi simu aseme yeye, kumbe ameshakirudisha kidakani. Anasema bibi alikuwa anawekea humo hela ya mkate, mfuniko ukilia ta! watoto wote wanajua kuna anayeiba.