Kushona na kazi za nyumba vinanichanganya, nyinyi munapangaka namna gani?

fundi_katuba

Jambo ba yaya na ba dada. Mi ni fundi wa kushona, niko hapa Lubumbashi ku Katuba, atelie njo salo yetu, masini mbili pembeni ya dirisha, moja ya miguu moja ya umeme, na meza ya kukatia njo meza tunakuliaka bukari. Kazi iko, siwezi kulalamika, kupanga njo kumenishinda. Asubui naamka na akili ya kushona, naanza na maji, chai ya batoto, wa katikati anatafuta soksi, kisha sombe, kisha kiliya anapiga hodi ati "napita tu kuangalia libaya yangu imefika wapi", anaketi saa nzima, anaenda, na umeme nao unaenda, kurudia ni usiku mukubwa wakati mi macho yanafungama.

Haya nilipata juma iliyopita. Mama moja alileta kitenge yadi 6, ya harusi ya mudogo wake, nikamuambia jumamosi. Sikuandika mu kaye, niliandika nyuma ya karatasi ya deni ya makala, mutoto akaifanya ndege, ikaruka ku lupango ya jirani. Jumamosi asubui sana mama huyu hapa ku mulango, kilemba kichwani, viatu vya harusi mu miguu, na mi bado sijaweka mikono. Pindo ya chini nilishika na pini. Pini kabisa! Akaenda nayo ku kanisa vile. Feza yenye ilibakia sikuweza kumuomba.

Nilijaribu programu ya telefone, nikatia kila kitu, ikafika kazi 43, "nunua uzi mweusi" iko pamoja na "lipa masomo", inalia kila mara mpaka bwana akasema zima hiyo kitu ama nitaitupa. Na mwezi wa 9 ule unakuya, shule inafunguka, nguo bleu na blan za batoto wa kartie nzima. Nisaidieni.

keki_belair

Pole dada, ile ya pini imenichekesha na kuniliza. Mi napika keki nyumbani. Zamani nilikuwa napanga kwa siku, jumatatu hii jumanne ile, delestaji (kukatakata umeme) ikipita yote inaanguka. Sasa naangalia kazi INAOMBA NINI. Kuko zenye zinaomba umeme, kuko zenye zinaomba kichwa kitulie, na kuko zenye hata mutoto akikulalia ku magoti unafanya tu. Kwako wewe naona hivi: pasi na masini ya umeme ni ya saa ya umeme. Kupima na kukata ni ya asubui batoto wakiwa ku shule, juu mukasi ikisha kupita haurudishe. Vifungo, pindo ya mukono, kutoa nyuzi, ni ya jioni ukichunga sombe ku mbabula. Umeme ukikuya ghafula haukae kuwaza nianze na nini, unashika tu fungu ya umeme, iko tayari imekatwa imekunjwa inakungojea. Mi umeme ukirudi usiku naamka, sitadanganya kwamba inapendeza, lakini naamka kwa mambo mbili tu, sianzi kufua vyombo nayo.

muzee_wa_magazini

Binti yangu, shida yako haiko kuandika, ni kuanza vitu mingi. Nilifanya miaka mu magazini ya vipuri, kule tulikuwa na kadi, ule mutindo wa Wajapani wa Toyota, kanban, bwana moja Taiichi Ohno njo aliusimamisha kisha vita ya pili. Mambo yenyewe ni nyepesi: kitu hakitengenezwe mpaka kadi yake imerudi, na kadi ziko na hesabu. Kadi zikiisha, unangoja. Kwa hiyo hesabu nguo zenye unaweza kuwa nazo wazi mara moja, tuseme tano. Kata kadi tano za karton. Kila kadi jina ya mwenye nguo, vipimo, siku ya kuchukua, avansi, unaibana na pini (hapa pini inaruhusiwa) ku mufuko wa kitambaa chenyewe, si ku ukuta, si mu telefone. Mutu wa sita akikuya na kadi hakuna, kitambaa chake unakipokea, kinangoja ku kabati, lakini tarehe humupe mpaka kadi moja itoke. Utaogopa atakimbia. Wengine watakimbia kweli.

dada_kampemba

Muzee nakuheshimu, ila tano wakati wa shule?? Nguo za shule zote zinafanana, si libaya ya harusi. Hizo unakata kumi pamoja siku moja, makola siku ingine, kadi moja kwa fungu nzima. Libaya ya harusi nayo iwe na kadi yake peke yake.

Kuhusu telefone, usiitupe. Weka WhatsApp Business, ni ya bure, iko na etikete za rangi, mi niko na "avansi imelipwa", "tayari", "deni". Na unaandika saa zako za kazi, mutu akiandika usiku inamujibu yenyewe. Wale wa "napita tu kuangalia" unawatumia foto ya libaya vile iko, hawapite tena. Na mambo ya shule na uzi mweusi yatoke mule, kaa na kaye ya nyumba na kaye ya masini, mbili, rangi tofauti.

keki_belair

Na feza pia mbili! Mi nilikuwa nanunua sukari ya keki na sukari ya chai mu mufuko moja, mwisho wa mwezi najiuliza faida ilipita wapi, kumbe tulikuwa tunaikunywa.

fundi_katuba

Asanteni wote. Nimefanya siku kenda. Kadi nilikata saba, muzee unisamehe. Jana umeme ulikuya karibu saa moja tu, nilikuta fungu tayari nikamaliza sketi tatu, zamani ningekuwa bado natafuta mukasi chini ya matandiko. Kiliya moja alikasirika sikumupa tarehe, akaenda kwa fundi wa balabala ingine, jana amerudi, kitambaa kimeisha kukatwa vibaya ku bega, ananiomba niokoe. Nimemuambia kadi hakuna, amekaa hapa ku kiti ananiangalia.

Sasa inabakia moja. Shemeki yangu analetaka masuruali yake ya kupunguza, ya bure, na anataka leo leo. Huyu nimupe kadi?

muzee_wa_magazini

Mupe kadi. Ku sehemu ya avansi usiandike kitu, uiache wazi, na umupe aisome mwenyewe.

dada_kampemba

😂😂 Mi wangu nilimupa mukasi na uzi.