E. coli zinaonekana zambarau badala ya pinki, tatizo ni nini?

mwanafunzi_mikro: Habari wadau. Naomba msaada kwenye rangi ya Gram, ile njia ya kupaka bakteria rangi ili kutenganisha Gram chanya (hubaki zambarau) na Gram hasi (hutoka pinki). Nimepaka E. coli zilizooteshwa jana kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria). Nikaweka kristali violeti dakika 1, iodini dakika 1, nikaosha kwa asetoni na alkoholi, nikamalizia na safranini. Nilitegemea kuona pinki tupu, maana hawa ni Gram hasi. Lakini katikati ya smia (bakteria waliotandazwa kwenye slaidi) ni zambarau iliyokoza, pinki iko pembeni tu. Je, rangi zimeharibika, au kuna bakteria wengine wameingia?

Violeti_Tupu: Ongeza muda wa asetoni, mkuu. Iache hata dakika nzima, zambarau yote itatoka.

mama_slaidi: Hapana jamani, hapo tutampoteza. Asetoni ikikaa dakika nzima hata Staphylococcus, ambaye ni Gram chanya, atatoka pinki, halafu utamtofautisha vipi chanya na hasi? Tangu Hans Christian Gram aichapishe njia hii mwaka 1884, uzito wake wote uko kwenye kuosha huko.

Mdogo wangu, jibu umeshaliandika mwenyewe: katikati zambarau, pembeni pinki. Rangi mbovu isingechagua sehemu. Smia yako ni nene. Pembeni seli zimekaa moja moja, alkoholi imezifikia na kuziosha. Katikati zimerundikana, na zambarau imenaswa humo.

Anza upya hivi. Weka tone dogo la maji safi kwenye slaidi isiyo na mafuta ya vidole. Kitanzi (waya wa kuchukulia bakteria) kiguse koloni (kirundo cha bakteria kilichoota kwenye agari) tu, kisichote. Ukikoroga, tone liwe kama maziwa yaliyozimuliwa sana. Ukiona uji, tupa. Kama bakteria wako kwenye mchuzi wa kuoteshea, usiongeze maji kabisa. Tandaza, kisha acha ikauke yenyewe hewani. Hapa wengi wanakosa subira, wanaipeleka motoni ikiwa bado mbichi, seli zinachemka na kupoteza umbo.

Ikishakauka, iweke juu ya karatasi yenye maandishi. Ukisoma herufi kupitia kwenye smia bila taabu, endelea. Zikifichika, usiitie rangi, utapoteza muda. Mimi sijawahi kuona rangi nzuri ikiokoa smia mbaya.

Kisha ipitishe kwenye mwali mara mbili au tatu, smia ikiwa juu. Gusisha chini ya slaidi nyuma ya mkono wako: iwe ya moto wa kuvumilika. Ukiwa na methanoli tumia hiyo badala ya moto, dakika 2, umbo la seli hubaki zuri zaidi.

Kwenye asetoni usihesabu saa, tazama slaidi. Iinamishe, dondoshea juu, angalia kinachotiririka. Kikiacha kuwa na zambarau, suuza kwa maji papo hapo. Kwa smia nyembamba ni sekunde chache tu.

Na kila siku ya kazi, slaidi moja iwe na Staphylococcus aureus upande huu na E. coli unayemfahamu upande ule. Wa kwanza akitoka zambarau na wa pili pinki, rangi zako hazina kosa na mkono wako pia.

mwanafunzi_mikro: Asante sana mama. Nimerudia, herufi zilisomeka, na sasa ni pinki mwanzo hadi mwisho. Ila nina Bacillus wa wiki iliyopita, baadhi ni zambarau na baadhi pinki. Hapo nimezidisha asetoni?

mama_slaidi: Hongera! Kwa huyo Bacillus tazama kwanza umri. Seli zikizeeka ukuta wake hulegea, haushiki tena violeti, ndiyo maana Gram chanya anajifanya hasi. Otesha upya, upake akiwa na saa 18 hadi 24. Ukifika kwenye lenzi ya 100 ya hadubini weka tone la mafuta, tafuta mahali seli zimeachana, usome hapo. Kwenye rundo usitoe jibu.