Tupeane uzoefu: barua pepe imetoka, haikufika. Ulikuja kugundua nini?

Mlinzi wa Foleni (Dodoma)
Wakuu, ninasimamia seva ya barua pepe ya shirika dogo: Postfix (inayotuma na kupokea barua), Dovecot (inayozihifadhi na kumfungulia mtumiaji), akaunti arobaini na kitu. Naanza mimi ili msione haya.

Mwezi uliopita DNS (inayogeuza majina ya domeni kuwa anwani za IP) ya mtoa huduma wetu wa intaneti ilikuwa inasuasua, nikaielekeza seva kwenye 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google, nikaenda zangu kulala. Kesho yake kimya. Hakuna spamu hata moja, nikajipongeza. Saa nane mchana mhasibu akaja: "Kaka, tangu asubuhi sijapata barua, ya heri wala ya shari." Kufungua logi, kila anayebisha hodi anafukuzwa kwa msimbo 554, eti yumo kwenye zen.spamhaus.org, orodha ya anwani zinazoshukiwa kwa spamu. Hata wafadhili. Hata mimi nilipojaribu kwa Gmail yangu.

Kumbe hawakuwemo. Orodha ile haitoi jibu la kweli kwa swali lililopitia DNS ya umma, inarudisha 127.255.255.254, yaani umeuliza kwa njia isiyokubalika. Postfix yangu haikujua tofauti: kwake jibu lolote lile lina maana mtu huyu ni mhalifu. Nikasimika unbound, programu ya kuuliza DNS, hapo hapo kwenye seva ili iulize yenyewe, na kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, nikaandika zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11] ili majibu mengine yapuuzwe. Waliofukuzwa niliwaandikia mmoja mmoja kuwaomba radhi, maana 554 ni kukataliwa kabisa. Ingekuwa 4xx, yaani kukataliwa kwa muda, seva zao zingerudi kujaribu tena zenyewe.

Nanyi leteni yenu.

Bi Mapokezi (Unguja)
Asalaam alaikum. Mimi si fundi, nipo mapokezi hotelini, lakini hili lilinikuta. Tulihamisha barua pepe kutoka seva ya tovuti kwenda kwa mtoa huduma mwingine. Barua za kawaida zikawa zinaingia vizuri. Zile za fomu ya kuomba chumba kwenye tovuti, kimya. Tukasema ni masika, wageni hakuna. Wiki tatu! Mpaka mgeni mmoja akapiga simu kwa hasira, ameomba vyumba vinne mara mbili na hakuna aliyemjibu.

Fundi alipoingia cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, akakuta seva ya tovuti bado inajiona yenyewe ndiyo yenye barua zetu. Fomu ikituma, seva haiangalii MX (rekodi ya DNS inayoonyesha barua za domeni zipelekwe wapi) inasema nini, inazitumbukiza kwenye kisanduku cha zamani kisichofunguliwa na mtu. Zilikuwemo 61. Akabadili mpangilio, seva ikajua barua zinapokelewa kwingine, ikawa basi. Wageni wenyewe walishalala kwingine.

Mzee wa Michango (Arusha)
Yangu inachekesha, ila wakati ule sikucheka.

Natumia SpamAssassin, kichujio cha spamu, na nilijifanya mjanja: nikaiunganisha na Dovecot ili mtumiaji akihamishia barua kwenye folda ya spamu, kichujio kijifunze papo hapo. Akiitoa, kijisahihishe. Ukiisikia hivyo, ni safi kabisa.

Sasa ofisini kwetu hakupiti wiki bila kamati ya harusi. Kadi, vikumbusho, "ahadi yako ni 100,000, tafadhali kamilisha kabla ya tarehe 15". Mtu hawezi kumwambia mwenzake usinitumie, basi anaitupa kimya kimya kwenye spamu. Watu thelathini, kila wiki. Kichujio kikawa mwanafunzi mzuri mno. Kikashika: mchango, ahadi, kamilisha, kamati, namba ya akaunti. Na sisi ni shirika linaloishi kwa michango ya wahisani!

Barua ya mhisani iliyosema "tunathibitisha ahadi ya mchango wetu" ikapigwa BAYES_99, yaani kichujio kina hakika karibu kabisa kwamba ni spamu. Hiyo peke yake ni pointi 3.5, na kikomo ni 5. Kasoro ndogo ndogo za HTML zikamalizia kazi. Ikalala kwenye spamu siku kumi na moja, mkurugenzi ananiuliza kila asubuhi kama imefika, namjibu haijafika.

Nilikuja kuigundua kwa kufungua vichwa vya barua, mstari wa X-Spam-Status. Unataja kila kanuni iliyogongwa kwa jina lake. Kabla ya hapo nilishapoteza siku mbili nabahatisha kwenye ukuta wa moto, sijui nilikuwa natafuta nini huko.

Nikafuta yote kiliyojifunza kwa sa-learn --clear, nikaanza upya na barua nilizochagua kwa mkono. Bayes, ile sehemu inayojifunza, haifungui mdomo mpaka ipate angalau spamu 200 na barua nzuri 200, kwa hiyo kwa siku kadhaa mtaishi bila yenyewe. Na hizo nzuri ziwemo za Kiswahili. Ukiilisha nzuri za Kiingereza tupu na spamu zenye Kiswahili, itajifunza kwamba Kiswahili chenyewe ndiyo spamu. Kujifunza kwa folda nimekuzima. Kadi za harusi nimeziandikia kanuni ya Sieve (lugha ya kupanga barua kwenye folda), zinaingia folda yake inayoitwa Shughuli. Hakuna anayeifungua, na hakuna aliyelalamika.

Jamaa wa Nakuru
Mzee, hiyo ya harusi imenimaliza.

Yetu ilikuwa shule ya bweni. Jumatatu wazazi wanapiga simu, hawajapata barua za karo. Kuangalia foleni kwa postqueue -p, barua 38,000 na ushei. Nikadhani seva nzima imedukuliwa. La, ni mwalimu mmoja wa michezo, paswedi yake ni jina la shule na 123. Logi huandika sasl_username kila mtu akiingia na paswedi yake kutuma. Nilipohesabu, jina lake lilikuwa limejaa kote. Nilifunga akaunti kwanza, ndipo nikafuta foleni, na za kwake tu. Ukianza kufuta kabla hujafunga, unachota maji kwa pakacha. Kusafisha ni saa moja. Kuaminiwa tena na seva za nje, karibu wiki tatu. Siku hizi kila akaunti ina kikomo cha barua kwa saa. Mwalimu hanisalimii.

Msafiri25 (Muscat)
Mimi kwa kifupi. Wiki nzima niligombana na walioniuzia domeni wanitilie rekodi ya PTR (inayogeuza IP kuwa jina). Masikini, hawana uwezo huo! PTR iko mikononi mwa mwenye IP. Nilipowafuata wenye seva ilikuwa dakika mbili. Bado Gmail ikanikatalia kwa 550: seva yangu ilikuwa inatokea kwa anwani ya IPv6 (aina mpya ya IP), na PTR nimeweka ya IPv4 (aina ya zamani) peke yake.

Nalala Mapema
Mnajitesa. Hamieni kwa watoa huduma wakubwa, lipieni kwa mwezi, mlale.

Mlinzi wa Foleni
Mkuu, sikubishii sana, lakini DNS inabaki yako hata ukihama. Naijua SACCOS iliyohamia kwa wakubwa, ikaweka SPF (rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni) mpya na kuiacha ya zamani. Domeni yenye rekodi mbili za SPF ni kosa, hakuna hata moja inayohesabiwa. Miaka mingi hawakuona shida. Februari 2024 Gmail na Yahoo wakakaza: anayetuma kwa wingi awe na SPF, DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (maagizo ya nini kifanyike barua ikishindwa kuthibitishwa; Gmail wanahesabu 5,000 kwa siku), na sisi wadogo angalau SPF au DKIM. Taarifa za wanachama zikaanza kurudi. Tuliunganisha zote kwenye mstari mmoja, tukiangalia maulizo ya DNS yasizidi 10, maana yakizidi inakuwa kosa tena.

Bi Mapokezi
Samahani, hizo rekodi mbili mtu asiye fundi anaziona wapi?

Mlinzi wa Foleni
Dada, ingia tovuti yoyote ya kukagua DNS, andika domeni yenu, chagua TXT (aina ya rekodi inayobeba SPF). Hesabu mistari inayoanza na v=spf1.

Bi Mapokezi
Miwili. Mmoja una jina la seva ile ile ya zamani. Nampigia fundi sasa hivi, hata kama ni Ijumaa.

Mlinzi wa Foleni
Mwambie asiufute, auunganishe na mwingine. Fomu yenu bado inatumwa na seva hiyo.

Bi Mapokezi
Ameshaufuta. Nampigia tena.