Mjadala: Mtumishi aliyebakiza miaka mitano kustaafu ahamishiwe Kigoma, na mwenza wake afanyeje?

Mleta mada, Kigoma Ujiji

Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo watu wengi hulizungumza pembeni tu. Sheria inamruhusu mtumishi wa umma kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na inamlazimu kustaafu akifikisha 60. Je, ni sahihi mtu aliye katikati ya umri huo kupewa barua ya uhamisho wa kwenda mkoa wa mbali? Na kama ni sahihi, huyo mwenza wake aliyekwisha kujenga maisha mahali pengine ahesabiwe vipi?

Niseme mapema nilipo, nisije nikadhaniwa ninawatetea wanaoikimbia Kigoma. Sikubaliani na wanaosema mtu mzima aachwe amalizie utumishi wake karibu na nyumbani. Mkoa unaopelekewa waajiriwa wapya peke yao hupata vijana ambao, mara tu wakithibitishwa kazini, huanza kutafuta wa kubadilishana nao kituo. Wodi ya wazazi, ofisi ya ardhi na shule ya kijijini huko Kakonko zinamhitaji pia mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini, anayejua kosa litatokea wapi kabla halijatokea.

Ninachokipinga ni kumhamisha mtu mmoja katika ndoa ya watu wawili, kulipa nauli, gharama za mizigo na posho ya usumbufu, kisha kufunga jalada. Wanandoa wenye umri wa miaka 28 huhama na godoro na vyombo vichache, na popote watakapofika wataanza upya kwa sababu hata walikotoka walikuwa bado hawajaanza. Wenye miaka 56 wana nyumba ambayo haijapigwa lipu upande mmoja, shamba lenye miti inayokaribia kuvunwa, wazazi wazee wanaohitaji mtu wa kuwapeleka kliniki, na mara nyingi biashara ambayo mmoja wao ameilea kwa miaka ishirini. Kanuni za utumishi zinamtambua mwenza katika nauli, lakini kipato chake hakionekani popote. Akiwa naye ni mtumishi, upo utaratibu wa kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Akiwa fundi cherehani, mama lishe au mkulima, huyo hesabu yake inamalizikia kwenye tiketi ya basi.

Sisi wa huku tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Wakati wa ukoloni wanaume wa Buha, yaani nchi ya Waha hapa Kigoma, walichukuliwa manamba, vibarua wa mkataba, kwenda kukata mkonge Tanga, na tangu mwaka 1944 kulikuwa na chombo maalumu cha wenye mashamba, SILABU, kilichoshughulikia kuwaandikisha na kuwasafirisha. Nyumba nyingi zilibaki na mke na wakwe. Sisemi kwamba afisa wa serikali mwenye mshahara ni manamba. Nasema tunajua vizuri kinachotokea mwajiri anapohesabu mikono miwili tu katika nyumba yenye mikono minne.

Afisa utumishi mstaafu, Tabora

Ndugu mleta mada, salamu kutoka Tabora. Nimeketi upande wa pili wa meza ambako barua hizo huandikwa, na naomba unisikilize kwa uvumilivu uleule ulioutaka kwetu.

Aliyeingia katika utumishi wa umma alikubali kufanya kazi popote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Ukianza kutaka hali ya mwenza izingatiwe kwa kila aliyefikisha miaka 55, utapokea majalada yenye wenza wagonjwa, wenza wafanyabiashara na wenza ambao hata ndoa zao zimefungwa wiki iliyopita. Na mzigo hautatoweka, kwa sababu utahamia kwa mama mwenye mtoto mchanga au kwa baba mwenye watoto watatu shuleni. Kwa maoni yangu wanandoa wa miaka 56 ndio wepesi zaidi kuhama: ada zimepungua, watoto wanajitegemea, na hakuna wa kutafutiwa shule katikati ya muhula.

Mkisema umbali, Kigoma ya leo si ile ya zamani. Ule mto Malagarasi una daraja la kisasa, umeme wa jenereta umeipisha gridi ya taifa, na mkataba wa reli ya SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Akistaafu huko, mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha yeye, familia na mizigo yake hadi kwao. Anayeona hawezi kabisa, sheria imemwachia mlango wa miaka 55, autumie.

Mwenza aliyefuata, Kasulu

Shikamoo mzee wangu wa Tabora. Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Mume wangu ni mwalimu. Tulitoka Morogoro yeye akiwa na miaka 56.

Nianze na huo mlango. Pensheni hukokotolewa kwa kuzidisha miezi ya utumishi kwa wastani wa mshahara, kisha kugawanya kwa 580. Anayetoka akiwa na miaka 55 badala ya 60 anaacha miezi 60 mezani, tena ile ya mwisho, ambayo mshahara wake ndio mkubwa kuliko yote. Zingatia pia kwamba mkupuo, ile sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, kwa waliokuwa wakitarajia asilimia 50, ulishuka hadi 33 mwezi Julai 2022, na ukapandishwa hadi 40 mwaka 2024. Mtu aliyepanga kumalizia nyumba kwa fedha hiyo hawezi kuambiwa kwamba kuondoka mapema ni jambo la hiari.

Sasa niwaeleze kazi yangu, kwa kuwa naona inatajwa kwa jina tu. Nilikuwa nashona sare za shule. Fundi wa sare huuza kwa mkopo Januari na kukusanya madeni hadi Aprili, na anakopesha kwa sababu anamjua mzazi, anajua anakoishi na anajua mama yake. Hamisha fundi huyo, cherehani zake zote zikifika salama, na hatakuwa na kazi, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ni kujuana. Kasulu nimekuta mafundi wazuri wenye wateja wao, ambao wangekuwa wajinga kunigawia. Nilijitoa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa nikiwa na hisa zangu mkononi; lakini ule mfuko wa jamii, wa misiba na maradhi, nilioutumikia miaka yote, haugawanywi kwa anayeondoka. Huku nilihitaji mdhamini ili nipokewe, na mgeni atadhaminiwa na nani?

Jambo zito zaidi lilikuwa nyumba. Mume wangu alitaka tuiuze ile ya Morogoro tujenge huku, akisema ardhi ni nafuu na dagaa ni wa kumwaga. Nilikataa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, iko upande wangu: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sijutii kukataa. Lakini ugomvi uliofuata hatukuwahi kuupata katika miaka yote ya ndoa, na haukuletwa na tabia ya yeyote kati yetu. Uliletwa na swali ambalo hakuna aliyetuuliza kabla ya barua kutoka: mtazeekea wapi? Mzee amesema tutasafirishwa hadi kwetu. Ni kweli, na nashukuru. Ila baada ya miaka minne, huko kwetu wateja wangu watakuwa wa mtu mwingine.

Mwalimu, Uvinza

Naheshimu maumivu ya mama wa Kasulu, lakini kuna upendeleo katika mjadala huu. Mimi nilipangiwa kijiji kisicho na lami nikiwa na miaka 25, mchumba wangu akiwa Lindi, na hakuna mleta mada aliyeuliza kuhusu kipato chake. Uchumba huo ulikufa. Kama mwenza ahesabiwe, basi ahesabiwe wa kila rika, la sivyo tukubali kwamba tunawahurumia wazee kwa sababu wana la kupoteza, na kuwasahau vijana kwa sababu wanapoteza kabla hawajapata.

Mleta mada

Mwalimu, sina jibu la kukutosheleza, isipokuwa kwamba wewe unaweza kuomba kubadilishana kituo mwaka kesho, na mwenye miaka 57 hana mwaka kesho mwingi. Hoja yako ya rika zote ni ya haki na inastahili uzi wake.

Kwa afisa wetu wa Tabora: sikuomba ridhaa ya mwenza iwe kigezo, na nakubaliana nawe kwamba ingechezewa. Naomba mambo mepesi zaidi. Aliyebakiza chini ya miaka mitatu asihamishwe nje ya mkoa ila kwa kuomba mwenyewe, kwa kuwa huo muda unaisha kabla hajawajua hata wenyeviti wa vijiji. Aliyebakiza zaidi apewe taarifa miezi sita kabla, muda ambao fundi wa sare anaweza kukusanya madeni yake na kumwachia mtu wateja kwa makubaliano, badala ya wiki mbili za kufunga mizigo.

La tatu ni la halmashauri inayopokea. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mama wa Kasulu anastahili kwa jinsia yake, ila anakwama kwenye kikundi cha kumpokea. Maafisa wa maendeleo ya jamii wangeweza kumtambulisha kwa kikundi siku mume wake anaporipoti kazini. Mwanamume wa miaka 58 aliyemfuata mke muuguzi hastahili fungu lolote kati ya hayo, na waume wa namna hiyo wapo, ingawa hawapendi kujitokeza kwenye mijadala.

Basi nakuuliza wewe uliyeziandika barua hizo: hiyo taarifa ya miezi sita, ni nani hasa anayeizuia? Ni bajeti ya uhamisho inayochelewa kutoka, au ni hofu kwamba mtumishi akijua mapema atapata muda wa kutafuta mtu wa kuifuta barua yake?