Dawa ya minyoo na mahudhurio: nikilinganisha watoto wa shule moja, tasnifu itasimama?

Mwalimu wa Msambweni

Hamjambo wana jukwaa. Nafundisha gredi ya nne na ya tano katika shule ya msingi huku Msambweni, Kaunti ya Kwale, na wikendi nasoma uzamili wa elimu. Nimefika kwenye pendekezo la utafiti na nimekwama.

Siku ya dawa ya minyoo ni sisi walimu tunaogawa vidonge darasani. Baada ya hapo nawaona watoto wamechangamka. Mtoto aliyekuwa akilala juu ya dawati saa nne asubuhi anaanza kunyoosha mkono. Nataka kujua kama dawa hii kweli inawarudisha shuleni. Mpango wangu ni kuchukua rejista yetu, kuwatenga waliomeza na wasiomeza, kisha kulinganisha mahudhurio ya muhula wa kabla na muhula wa baada. Wapo pia watoto ambao ukiwafunua jicho ni jeupe kabisa, nadhani ni safura, yaani minyoo inayonyonya damu. Nilifikiri niwanunulie vidonge vya kuongeza damu niwafuatilie kama kundi la tatu.

Msimamizi amenirudishia kurasa zangu akiwa ameandika pembeni, "Unalinganisha nani na nani?" Basi. Naombeni mnieleze kwa lugha ya watu, vitabu nimeshavisoma na bado sijaelewa kosa liko wapi.

Karani wa Nyanjani

Mwalimu, pole na kazi. Nimekusanya data mashuleni kwa miaka mingi, kwanza Magharibi kisha huku Pwani, na swali la msimamizi wako ndilo kazi yenyewe. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu mada uliyoshika ni nzuri na sitaki uiache.

Anza na hao wasiomeza. Ni akina nani? Siku ya dawa, mtoto anayekosa kidonge mara nyingi ni yule ambaye hakuja shule siku hiyo. Ukimweka kwenye kundi la wasiomeza, kisha muhula ujao ukamkuta hana mahudhurio, umegundua kwamba mtoto anayekosa shule hukosa shule. Minyoo haijaingia bado kwenye habari hiyo. Pengine mama yake ni mgonjwa, pengine anabaki nyumbani kulea mdogo wake, pengine sare imechanika na anaona haya. Kidonge hakikuhusika na lolote kati ya hayo, lakini jedwali lako litakisifu.

Pili, minyoo ni mali ya mtaa mzima. Mtoto mwenye mchango au safura akienda haja vichakani, mayai yanabaki kwenye udongo ambao wenzake wanaukanyaga pekupeku na kuuchezea. Ukimtibu Juma, Fatuma wa dawati la pili ambaye hakumeza kitu naye anapata nafuu, maana udongo wa uwanja umepungua mayai. Kwa hiyo ukiwalinganisha Juma na Fatuma utaona tofauti ndogo, useme dawa haifanyi kazi, kumbe imefanya kazi kwa wote wawili.

Jambo hili la pili ndilo lililofanya utafiti wa Busia, magharibi mwa Kenya, uwe maarufu. Wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walifanya kazi na shirika moja la Kiholanzi katika shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, zenye watoto zaidi ya 30,000. Walipopima mapema 1998, watoto 9 kati ya 10 walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo. Hawakugawa dawa kwa mtoto mmoja mmoja. Waligawa kwa shule nzima, kwa makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu likasubiri hadi 2001. Wakati la tatu linasubiri, ndilo lililokuwa kipimo cha mengine. Utoro katika shule zilizotibiwa ulipungua kwa kama robo, na hata watoto ambao hawakumeza ndani ya shule hizo walinufaika. Matokeo yalichapishwa 2004, na 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kazi za namna hii.

Tatu, kabla na baada. Dawa ilipoanza Busia mwaka 1998, nchi ilikuwa imetoka kwenye mvua za El Niño, na mafuriko hueneza minyoo. Kama wangefanya kama wewe, yaani shule moja, kabla na baada, mvua zingeifunika dawa yote. Huku kwetu una masika, una Ramadhani, una chakula cha shule kinachokuja na kukatika. Muhula mmoja haufanani na mwingine.

Na rejista, mwalimu. Najua nazungumza na mwenye rejista, kwa hiyo pokea kwa moyo mweupe. Kule Busia hawakutumia rejista za shule kabisa. Vijana walikuwa wakiingia bila taarifa, siku yoyote, wakisimama mlangoni na orodha na kuhesabu vichwa. Kazi hiyo ya kuhesabu vichwa naijua. Mara nyingi nimeingia darasani rejista ikionyesha karibu wote wapo, na mbele yangu madawati ya nyuma yako tupu. Aghalabu hakuna anayedanganya kwa ubaya. Mwalimu ana watoto wengi, anaijaza jioni kwa kumbukumbu, au anamhesabu aliyeondoka saa nne kwenda kutafuta chakula.

Mwalimu wa Msambweni

Asante sana, ndugu. Hilo la rejista limeniingia, na ni kweli siku za mitihani hujazwa haraka haraka. Lakini sina fedha za shule 75. Sina hata za shule tano. Je, niiache mada? Na nimesoma mtandaoni kwamba hata huo wa Busia ulikuja kupingwa, sasa nitaunukuu vipi?

Karani wa Nyanjani

Usiuache, unukuu pamoja na mabishano yake. Waandishi wenyewe walitoa data zao zote, na watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine wakazirudia hesabu. Mwaka 2015 wakachapisha kwamba kulikuwa na makosa. Kubwa lilihusu manufaa kwa shule za mbali, umbali wa kilomita 3 hadi 6. Hayo ya mbali hayakusimama. Kupungua kwa utoro ndani ya shule zilizotibiwa kulibaki, ingawa walibishana jinsi ya kuzichambua data. Baadaye wafuatiliaji wa watoto wale wale, sasa wakiwa watu wazima, walichapisha 2021 kwamba waliotibiwa mapema walikuwa na mapato ya juu kidogo. Upande wa pili, mapitio ya Cochrane yanayokusanya tafiti nyingi za dunia yamesema ushahidi wa dawa kugawiwa kwa wote kuinua uzito, damu au alama za darasani ni hafifu. Hata Busia yenyewe alama za mitihani hazikupanda. Andika yote hayo. Mwanafunzi anayeficha upande mmoja namwogopa kuliko anayekosea hesabu.

Sasa la fedha. Swali unaloweza kulijibu vizuri peke yako, ukiwa mwalimu wa hapo hapo, ni hili: nani hukosa kidonge, na kwa nini? Mtu wa Nairobi hawezi kukushinda hapo. Una majina, unajua nyumba, wazazi wanakuamkia. Chukua shule yako na jirani mbili, hesabu siku ya dawa nani hayupo, nenda nyumbani ukaulize. Utasikia mengi: wanaoogopa kwamba dawa inazuia uzazi, wanaosema mtoto alitapika mwaka jana, waliopeleka mtoto kwa bibi. Jambo hili lina uzito. Busia walipojaribu 2001 kuwatoza wazazi senti kidogo katika baadhi ya shule, waliomeza walishuka kutoka robo tatu ya watoto hadi chini ya mmoja kati ya watano. Kwa pesa ndogo vile! Anayepanga kampeni anahitaji kujua vitu vya namna hiyo kuhusu Msambweni.

Tena uko Kwale. Utafiti mkubwa wa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya, ulifanyika kwenu kuanzia 2015, katika makundi 120 ya jamii, kulinganisha kutibu watoto mashuleni pekee na kutibu kila mtu kijijini, mkubwa kwa mdogo. Matokeo yalitoka 2019. Pale walipotibu wote mara mbili kwa mwaka, safura ilishuka kutoka takriban 21% hadi 6%. Pale walipotibu mashuleni tu, ilitoka takriban 19% ikabaki karibu 14%. Maana yake mjomba wa mtoto anayelima pekupeku naye ana minyoo, na sisi twampa dawa mtoto pekee. Hiyo ni nguzo nzuri ya sura yako ya pili.

Nesi wa Chake

Naingia kwa jambo moja tu, dada mwalimu: hivyo vidonge vya kuongeza damu, usivitoe. Nakuomba kwa dhati.

Mimi ni muuguzi Pemba. Hapa kwetu ulifanyika utafiti wa kuwapa watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu madini ya chuma na asidi ya foliki, yaani vya kuongeza damu, maelfu kwa maelfu. Kila mtu alitarajia mema, kwa sababu watoto wetu wana upungufu wa damu. Tarehe 19 Agosti 2003 kamati ya usalama ya utafiti huo iliwasimamisha wale waliokuwa wakipewa chuma, maana kulazwa hospitali na vifo vilikuwa vimeongezeka kwao, kwa 12% kuliko wasiopewa. Mahali penye malaria nyingi, chuma kilichogawiwa kwa wote bila kupima kiligeuka hatari. Watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, waliopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, ndio walionufaika. Yalichapishwa katika jarida la tiba la Lancet 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Watoto wako ni wakubwa na siku hizi malaria si ile, hilo ni kweli. Lakini mtoto ambaye jicho lake ni jeupe apelekwe zahanati, apimwe damu na choo, atibiwe kama mgonjwa. Asiwe kundi la tatu la tasnifu. Hata ukiacha vidonge, kuwahoji watoto na wazazi kunahitaji kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti), barua ya ofisi ya elimu ya kaunti, na ridhaa ya mzazi pamoja na ya mtoto mwenyewe. Tena wewe ni mwalimu wao. Mzazi wa kwetu atakukubalia kwa heshima tu, kwa hiyo mtafute mtu mwingine aombe ridhaa.

Mwalimu wa Msambweni

Nesi, Mungu akuzidishie. Vidonge nimevifuta, na Jumatatu namwita mama wa yule mtoto twende naye zahanati.

Kichwa kipya: "Watoto wanaokosa dawa ya minyoo siku ya ugawaji: sababu za nyumbani na za shule katika shule tatu za Msambweni." Ridhaa ataomba mhudumu wa afya ya jamii, si mimi. Karani, kuhesabu vichwa nifanye pia, au ni kazi ya bure?

Karani wa Nyanjani

Fanya, lakini katika zile shule mbili za jirani, ambako wewe si mwalimu wao. Usiende siku ya soko wala Ijumaa mchana. Nenda saa tatu, kisha siku nyingine nenda saa nane, maana wanaotoroka baada ya chakula huwaoni asubuhi. Andika jina, usiandike idadi tu. Na mwalimu mkuu ajue kwamba utakuja muhula huu, ila asijue siku.